Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kutabiri Biashara Kubwa Ijayo ya Mtandaoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika na kwa bahati nzuri nafasi yake naishika mimi. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Kidijitali, ambaye pia ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye simtaji kwa kuheshimu unyenyekevu wake, maana naujua vizuri, ni wangu. Katibu wangu uliyenishikia mwavuli. Ndugu wadau, ndugu wadau watarajiwa, na ndugu mliodhani mnakuja kwenye mkutano wa maji. Mama zangu, baba zangu, na ninyi mafundi cherehani mliobanana hapo barazani, mbele ya ukumbi ambao jana ulikuwa wenu na leo ni wa vizazi vijavyo: itifaki imezingatiwa, na ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka safu ya mbele, wanakokaa watumishi wa ofisi ya Mkurugenzi.)

Ndugu zangu, dunia inakimbia, na anayeikimbiza kwa nyuma huambulia kuona kisogo tu. Kwa hiyo ofisi yangu, katika muktadha wa stratejia jumuishi ya mageuzi ya kidijitali yenye matokeo yanayopimika, iliamua kwamba badala ya kuanzisha biashara ya mtandaoni, jambo ambalo siku hizi mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kulifanya akiwa amelala chali, sisi tuanzishe Kituo cha kutabiri biashara itakayofuata, tuisubiri mlangoni kabla haijabisha hodi, tuikaribishe, tuikalishe kitini, na tuitoze ushuru. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: “Hapo kwenye ushuru ndipo mmebobea!” Kicheko.)

Mcheka kilema hafi bila kumfika, ndugu yangu. Kutabiri si kazi ya mchezo. Mimi binafsi niliongoza Timu ya Wabashiri Waandamizi katika semina elekezi iliyofanyika hotelini, kwa sababu mawazo makubwa hayapendi ofisi zenye joto, na mara tu tulipoketi tukatabiri kwamba siku moja watu watanunua nguo kwa simu, na kabla hatujapigiana makofi mjumbe mmoja akakumbuka kwamba shati alilovaa alilinunua kwa simu. Hatukukata tamaa, tukatabiri kwamba watu wataagiza chakula kwa simu, na tukiwa katikati ya kuliboresha wazo hilo kwa mtazamo wa kiinovesheni, chakula tulichokuwa tumeagiza kwa simu kikaingia. (Kicheko kirefu. Katibu anageuka kuangalia ukuta.) Mnacheka, lakini mimi nauliza: mtu anayetabiri jambo likatokea siku ile ile, huyo si mtabiri? Kosa letu lilikuwa dogo tu, kwamba jambo lenyewe lilitangulia kutokea.

Ndipo Mshauri Mwelekezi wetu, mtu aliyebobea katika ekosistemu za startapu hata kuongea naye unahitaji mkalimani wa lugha yako mwenyewe, akatugundulia tatizo. Alisema wazo kubwa ni kama usingizi, likisikia kelele haliji. Tukajiuliza, kelele iko wapi katika mji wetu? Tukatembea mtaa kwa mtaa, tukitega masikio, hadi tukafika kwenye ukumbi huu, tukasikia cherehani zenu zikilia kutoka asubuhi, pasi zikigongwa mezani, na ninyi mkibishana kuhusu mikunjo ya sketi, na hapo hapo nikatambua kwa uchungu kwamba taifa lilikuwa linakosa wazo lake kwa sababu ya mikunjo ya sketi. (Minong'ono barazani.)

Tuliwatoa kwa upendo. Ndiyo, naona Mama Vifungo amesimama, huyu fundi wetu mkongwe tunayemwita hivyo kwa sababu hakuna suti mjini ambayo hajaiokoa, ikiwemo hii niliyovaa. Karibu, mama yangu, lakini kwa ufupi, maana muda ni rasilimali adimu.

(Mama Vifungo: “Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Shule zinafunguliwa. Sare za watoto wa watu tunazishonea hapa nje, mvua ikija upepo unaileta mpaka kwenye meza ya kukatia. Juzi kitambaa cheupe chote kimeingia madoa, mteja ameondoka amenuna na harudi. Tumechoka, baba. Tumechoka kweli. Tunauliza tu, mlango huu unafunguliwa lini?” Makofi makubwa kutoka barazani. Safu ya mbele inatazama viatu.)

Nimekupata, mama, na nimeumia, tena nimeumia katika ngazi ya kisera. Swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa kulipanua. Mnapouliza mlango unafunguliwa lini, mnauliza kuhusu mbao na komeo; mimi nataka mjiulize ni milango mingapi ya fursa itafunguka kwa kuwa huu mmoja umefungwa! (Safu ya mbele: “Naam!”) Utafiti wetu shirikishi unaonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya waliohojiwa wanaunga mkono Kituo, na hiyo kumi na mbili iliyozidi ni watu walioguswa kiasi cha kujibu tena, na ingawa waliohojiwa wote ni watumishi wangu, takwimu haina undugu. (Sauti: “Basi nyie mhamie barazani!” Kelele. Katibu anaomba utulivu.)

Aliye juu mngoje chini, mnasema. Mimi siko juu, niko jukwaani tu. Na kwa kuwa mnadai uwazi, leo nitafanya jambo ambalo Mshauri alinikataza: nitawadokezea wazo lenyewe. (Barazani shingo zinarefuka.) Litahusu watu. (Shingo zinarudi.) Litahusu simu, litahusu data, na kwa kiasi kikubwa litahusu mambo. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu washindani wana masikio, na siri hii imehifadhiwa kwa kiwango ambacho hata sisi wenyewe katika Timu hatujaambiana.

(Mama Vifungo, bado amesimama: “Mheshimiwa, sisi hatutaki siri. Fungua tu, utupe hata kona moja, mpaka sare ziishe.”)

Mama, haraka haraka haina baraka. Tulia, keti. Nimesema nimeumia.

Sasa, kabla sijahitimisha, twende na kaulimbiu yetu, nami nikisema Wazo Kubwa, ninyi mnaitikia Linakuja. Wazo Kubwa! (Safu ya mbele: “Linakuja!”) Wazo Kubwa! (Barazani: “Mlango!”) Mtandao kwanza, mengine baadaye! Tabiri leo, tajirika kesho! (Katibu anapiga makofi peke yake, kwa mkono mmoja na mpini wa mwavuli.)

Mwisho kabisa, ni shukrani. Namshukuru Mshauri wetu, ambaye simu yake haipatikani tangu alipomaliza kutushauri. Namshukuru shemeji yangu mkandarasi kwa kuchora kibao hiki kizuri cha Kituo, kazi ambayo imekamilika kabisa, ikabaki Kituo. Na kipekee namshukuru mke wangu, aliyenifungua macho kwamba ukumbi huu, tangu tuufunge, haujaingia kompyuta, haujaingia waya, wala mtabiri hajakanyaga humo hata kwa bahati mbaya, na kwamba ni dhambi kuacha nafasi kubwa namna hii ikikaa bure. Kwa hiyo Jumamosi ijayo binti yetu atafanyia harusi yake humu ndani, na nyote mnakaribishwa kwa kadi. Mama Vifungo, usininunie, mama yangu, sijawasahau: gauni la bibi harusi na nguo za wasimamizi mtashona ninyi, hapo hapo barazani mlipo, na siku yenyewe tutawaomba tu msogeze cherehani zenu kwenye mvua kidogo, wageni wapate pa kupita.

Asanteni kwa kunisikiliza.