Uzinduzi wa Daktari wa Kike

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wajumbe, viongozi wa dini zote, wazee wetu, akina mama mlio kwenye foleni, akina baba mliowasindikiza, wagonjwa wa kawaida na wagonjwa mahututi, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtoto analia.)

Ndugu wananchi, ofisi yangu, kwa kushirikiana na wadau na kupitia stratejia jumuishi ya implementesheni, imefanya utafiti wa kina kuhusu namna umri na jinsia ya daktari wa familia vinavyoathiri utendaji wake, na matokeo, ambayo mimi mwenyewe niliyasoma mpaka ukurasa wa pili, yanatisha! Daktari mwanamume aliyekula chumvi nyingi, kwa asilimia tisini na tisa nukta nne, huandika dawa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza. (Vicheko. Daktari Babu, tabibu pekee wa zahanati hii, anatazama viatu vyake.) Daktari mwanamke, hasa kijana, huketi, husikiliza, huuliza unalalaje na nani anakusumbua nyumbani, na ndiyo maana akina mama mmeniandama miaka yote: "Tuletee mwanamke mwenzetu! Yapo tunayomwambia Babu, na yapo tunayorudi nayo nyumbani." (Vigelegele.)

Leo nimewaletea! Tazameni hapa mbele: daktari kijana wa kiume, atakayewapima kwa mashine, na daktari wa kike, atakayewasikiliza! Makoti meupe pee! Na Babu wetu, ambaye kila mwaka tunamwahirishia kustaafu, aende sasa akapumzike! (Shangwe. Babu anafuta macho.)

(Mama mmoja anakuja mbele, anainama, anamnong'oneza daktari wa kike. Daktari anamshika mkono, kisha anamtazama Mheshimiwa kwa wasiwasi.)

Mama, kaa chini, leo ni uzinduzi tu, matibabu yako awamu ya pili. Mpiga picha, umepata? Haya.

Huduma bora! (Kwa wote!) Jinsia zote! (Kwa wote!) Nawashukuru sana, na kipekee namshukuru dereva wangu na katibu muhtasi wangu kwa kukaa vizuri kwenye picha, maana itatusaidia tutakapoanza kuomba hao madaktari. Vueni makoti, mrudishieni Babu. Atayahitaji kesho asubuhi.

(Dereva anavua. Katibu muhtasi hajavua; bado anamsikiliza yule mama.)