Mkalimani Aliyepoteza Sauti

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya pili kambini na nimeteuliwa. Sikuomba. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa rafiki yangu Wavinya kama kawaida yangu, na Ndugu Gedion, kiongozi wetu wa vijana, akanitoa huko. Jumapili ni siku ya wazazi. Mhubiri mgeni atahubiri kwa Kiingereza, na mimi nitamtafsiria kwa Kiswahili. Eti ameona alama zangu za Kiingereza.

Mkalimani si kazi ya kusimama tu. Mhubiri akiruka, unaruka. Akilia, unalia. Akinyooshea watu kidole, na wewe unanyoosha, na kati ya hao watu yuko Baba, ambaye ni mzee wa kanisa kule kwetu Tawa. Mimi darasani nikiitwa kusoma naomba umeme upotee, na tunasoma mchana.

Wavinya anaitaka hiyo kazi. Mikono ameshaanza kuizoeza. Ameniambia, bila ubaya, kwamba nikishika maiki watu watafikiri imeharibika.

Ningesema sitaki. Lakini kusema sitaki ni lazima useme.

Nimepata mpango. Kesho naamka bila sauti. Wavinya anapata kazi, mimi napata amani, kanisa linapata mkalimani mwenye kifua. Hakuna anayeumia.

Alhamisi, 14 Agosti

Sauti imepotea saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipoitwa kwa uji nikashika koo, nikaandika kwenye daftari: SAUTI IMEENDA. Wavinya alinihurumia kama sekunde tatu, kisha akaenda kumtafuta Gedion.

Kosa langu ni kusahau niko wapi. Shuleni ukiugua unapewa tembe mbili na kurudishwa bwenini. Hapa Gedion hakuuliza hata panauma wapi. Alipiga filimbi. Watu mia moja na kumi wakaacha uji. Nikawekwa katikati, mikono ikajaa kichwani na shingoni. Kuna mmoja alinishika sikio mpaka mwisho. Ugonjwa ulikemewa urudi ulikotoka. Niliinamisha kichwa, kwa sababu ulikotoka ni kwangu.

Kisha Mama Kalekye, mpishi wetu, akaja akichechemea. Mguu wake wa kushoto una shida tangu aanguke kisimani. Akaniita mwiitu wakwa, binti yangu, akasema yeye hatatia chakula mdomoni mpaka mimi niongee. Mtu anayepika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa kambi nzima.

Nikaandika: TAFADHALI KULA. Akasoma polepole, akawaonyesha wengine. Mwaona, akasema, hata katika shida yake anawaza wenzake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Kalekye hajala. Anakoroga sufuria huku ameuegemea mwiko kama fimbo. Aliniletea asali kwa maji moto, asali ya kwao Zombe. Niliona aibu mpaka masikio yakachoma. Lakini ilikuwa tamu. Alipouliza kama niongezewe, nikatikisa kichwa kukubali.

Mpango mpya: kupona kidogo. Sauti ya kumfanya ale, isiyofika kwenye maiki. Kama redio yenye betri zinazoisha.

Saa sita nikaingia jikoni, nikanong'ona: Mama, kula.

Mwiko ukaanguka. Kabla sijaeleza kwamba ni kiasi tu, alikuwa nje anapiga vigelegele. Gedion akaja mbio. Mimi naendelea kunong'ona kwamba bado bado, lakini kwa ile kelele ya furaha nani angesikia. Imetangazwa nimepona kabisa. Kazi nimerudishiwa. Wavinya alisema Mungu ni mwema, akiangalia ukuta.

Mama Kalekye amekula sahani mbili. Hilo tu ndilo naweza kuandika bila kufunika uso.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika. Jana nilifanya mazoezi ya kuruka.

Mhubiri ni mrefu, namfikia kwenye kiwiko. Gedion alikuwa amemsimulia yote. Katikati ya mahubiri akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa Kiingereza kwamba binti huyu Alhamisi alikuwa bubu na leo ananena. Akanyamaza anisubiri.

Baba yuko safu ya pili, kofia magotini. Mama Kalekye yuko mlangoni, leso tayari mkononi.

Uongo ule sikuweza kuurudia kwa mdomo wangu. Ukweli pia sikuweza. Ndipo nikakumbuka kwamba mhubiri hajui Kiswahili. Nikasema, kana kwamba ni maneno yake: kuna mtu hapa alijifanya mgonjwa, na wengine wakateseka kwa ajili yake. Mungu anamjua.

Nikajisifu kimoyomoyo. Nimeungama, na hakuna anayejua ni mimi.

Hema zima wakainamisha vichwa. Mhubiri akaona yamewaingia, akanyoosha kidole. Nikanyoosha. Akasema waje. Nikasema njooni.

Wakaja. Wavulana watatu wa zamu ya maji, ambao tumbo lao la Jumanne kumbe halikuwa tumbo. Wavinya, analia, anakiri kwamba aliomba nisipone. Halafu Mama Kalekye. Kutoka kule mlangoni mpaka mbele, kwa ule mguu. Akapiga magoti, akasema Jumanne alilalamika mguu kupita vile ulivyokuwa ukiuma, ili apate kuketi dakika kumi. Akamshukuru mhubiri kwa kumfichua.

Kutoka nilipokuwa hadi alipopiga magoti ni hatua mbili. Lakini mkalimani haachi maiki mahubiri yakiendelea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikabaki pale juu nikitafsiri maombi ya yeye kusamehewa.

Baba alinishika bega tukitoka, akasema hajawahi kuona fahari namna hii.

Jumatatu, 18 Agosti

Nyumbani, Tawa. Nimeamua kumwambia Mama Kalekye ukweli leo leo.

Namba yake alitupa sote. Simu sina, nikachukua ya Baba, nikaandika: Mama, yule aliyejifanya mgonjwa si wewe, ni mimi. Nisamehe. Jina sikuweka. Niliona ataikuta ni namba ngeni tu.

Sikukumbuka kwamba mahindi ya kambi alipeleka Baba, na walikuwa wakipigiana simu wiki nzima.

Jibu limekuja. Amemsamehe Baba. Anasema si wazee wengi wa kanisa wangejishusha hivyo. Amemweleza pasta, wanafunga pamoja kwa ajili yake, na saa mbili usiku watampigia wamtie moyo.

Baba alikuwa hapo uani, anajaza ndengu kwenye magunia, anaimba. Ningeweza kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni. Alipoingia kuchukua sindano ya magunia, nikafuta ujumbe, nikazima simu, nikaizamisha kwenye gunia la tatu mpaka kiwiko.

Ameshalishona. Linaenda sokoni kesho alfajiri.

Sasa anatafuta simu yake. Namsaidia. Tumeanzia chini ya kitanda.