Kipimo Alichonivalia Apolinari

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimefungwa kifaa cha kupima mapigo ya moyo kifuani: nyaya tano, hadi kesho asubuhi. Daktari ameeleza kuwa seli za msuli wa moyo zimeunganishwa kwa vijia vidogo mno vya protini, na kupitia hivyo kila seli huiarifu jirani yake ipige. Vijia vikiharibika, seli hazisikilizani na mapigo huenda ovyo. Nimemjibu kwamba nilifundisha biolojia miaka thelathini na minne. Sikumwambia kuwa vijia hivyo sikuwahi kuvifundisha.

Binti yangu Herieth ametangaza: kipimo kikiwa kibaya, nahamia kwake Mbezi Beach. Mimi nataka Kimbiji, shambani, alikozikwa mama yake.

Jioni. Nimepata hila! Jirani yangu hapa Kiwalani, Apolinari, mchonga vinyago, hajawahi kuugua hata mafua. Nimemwomba anivalie kifaa. Amecheka hadi akakaa chini. Akauliza kama si mimi niliyemchapa kidato cha pili kwa kuibia mtihani. Nimesema ni mimi, na avue shati.

Vibandiko vya nyaya vilikataa kushika kwa jasho lake. Nimeongeza plasta.

Jumanne, 4 Juni
Alfajiri nimejirudishia kifaa, plasta na vyote. Muuguzi ameuliza plasta ni za nini. Nimejibu kuwa mimi ni mtu wa tahadhari. Majibu Alhamisi. Nimefunga begi la Kimbiji.

Alhamisi, 6 Juni
Daktari hakutabasamu. Mapigo yanapotea vibaya. Anahofia seli hazipashani habari tena. Nilazwe leo hii! Herieth akalia. Nilipaswa kusema pale pale. Nikaomba nilazwe kesho.

Nimemkuta Apolinari akipiga tupa kinyago. Akaniita: "Vipi Mwalimu, tumefaulu?"

Nimesema tumefaulu. Kesho nitamweleza vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Ameanguka saa tatu asubuhi, patasi mkononi. Hakufika hospitali.

Nimemweleza mkewe, Vaileth, kila kitu. Akauliza nilijua lini. Nimesema jana. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Jumatano, 12 Juni
Tulimzika Jumapili. Nilisimama nyuma; hakuna aliyenipa koleo.

Nimekiri kwa daktari, naye kanikaripia kama mtoto, kisha akanifunga kifaa upya. Niko kwa Herieth, Mbezi Beach. Sili vizuri. Mke wangu Felicitas yuko Kimbiji peke yake, na majani yatakuwa yamelifunika kaburi.

Mlinzi wa hapa, Gaudens, ni mwanajeshi mstaafu, mkakamavu. Nimemkaribisha chai. Safari hii nimeuliza kwanza kama amewahi kupimwa moyo.