Nyumba ya Kwenye Simu ya Twahiru

Kama uongo ungelipwa mshahara, Twahiru angekuwa amestaafu zamani, anakula pensheni yake kibarazani. Bahati mbaya uongo ni kibarua: siku usipoamka kuufanya, huli.

Alikuwa komisyoneri wa viwanja, au parseli kama tunavyoziita hapa Bujumbura, yaani mtu anayekutembeza kwenye ardhi za wengine na kula chake katikati. Alikuwa hodari kweli, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitangaza kwanza. Tatizo lilikuwa mkewe. Mwezi uliopita Khadidja alifunga mizigo akarudi kwa mama yake mtaani Buyenzi, bila kelele, akamwachia neno moja tu mlangoni.

"Twahiru, siku utakuwa na kitu kimoja chenye naweza gusa na mukono, unipigie."

Hilo lilimuuma kuliko matusi. Alipika wali mara mbili, ukaungua mara mbili. Alimtaka mkewe arudi, akaapa kumrudisha kwa njia pekee aliyoijua, yaani kwa kumdanganya mtu mwingine.

Njia yenyewe aliipata kwenye simu. Aliuza pikipiki yake akanunua simu yenye programu ya ajabu: unaielekeza kamera kwenye ardhi tupu, na kwenye kioo nyumba nzima inasimama palepale, na kibaraza chake, na mapazia yake. Ukitembea nayo unaingia ndani. Ukiishusha, unabaki na majani na mbuzi wa watu. Wenzake mjini walitumia maajabu hayo kujibandika masikio ya sungura. Twahiru akakumbuka kiwanja kimoja huko Carama, pembeni ya mji, kimeota vichaka, hakina ua wala mwenyewe anayeonekana.

Mnunuzi alimchagua kwa makini: Bi Moza, mjane wa marehemu Thabit, mwenye duka la vitambaa, mama aliyejulikana mji mzima kwa tamaa ya nyumba za kupangisha.

"Mama, mi sikuuzii parseli," alimwambia dukani. "Nakuuzia nyumba yenye utaiona kabla haijajengwa."

"Carama upande gani?"

"Nyuma ya shamba ya mihogo, pembeni ya mufereji."

Bi Moza alikunja kitambaa mkononi, taratibu, akakiweka kwenye rafu.

"Twende tuone," alisema.

Kule Carama Bi Moza alishika simu kwa mikono miwili, akatembea hadi mlango wa kwenye kioo, akasimama. Kisha akavua ndala.

"Mama, hapa kuna miiba."

"Umetandika zulia, mwanangu. Niingie na viatu juu ya zulia ya watu?"

Twahiru hakuweza kuitukana nyumba yake mwenyewe. Akavua viatu naye, akamfuata sebuleni akichechemea, huku anasema karibu mama, karibu sana, na kila karibu ilikuwa na mwiba wake.

Vyumba vilimpendeza mama. Jiko alilisifu. Alipofika nyuma ya kichaka kimoja kikubwa alisimama muda mrefu, akaitazama simu, akatazama jua, akatazama simu tena.

"Twahiru. Hii choo inaangalia kibla."

Nyumba ile ilichorwa na watu wa mbali, wasiojua kibla wala anayeswali. Mwerevu wa kawaida angejibu kwamba choo chenyewe hakipo. Twahiru, mtoto wa Kiislamu aliyelelewa vizuri, aliona haya hadi masikioni. Aliomba radhi kwa niaba ya choo, akaahidi kukigeuza.

Programu haikukubali kugeuza choo. Ikabidi amlipe Marcellin, mchoraji wa ramani, achore nyumba upya tangu msingi hadi paa na kuiingiza kwenye simu. Mara ya pili Bi Moza alilalamika kwamba majani yanaingia sebuleni. Twahiru akaajiri watu wakafyeka kiwanja kizima. Mara ya tatu nyumba ilitikisika kwenye kioo na kulala upande, maana simu ilitaka ardhi iliyo sawa.

"Inainama," Bi Moza alisema kwa huzuni. "Wapangaji wataniangukia."

Ardhi ikasawazishwa. Mara ya nne mama hakuona mpaka wake uko wapi, basi ukapandwa ua wa miti ya miyenzi pande zote nne. Halafu akaomba zile ramani kwenye karatasi, amwonyeshe shemeji yake. Kila safari neno lake lilikuwa moja: "Malipo iko karibu, mwanangu. Vumilia." Twahiru aliuza televisheni akavumilia. Aliuza friji akavumilia zaidi.

Na kulikuwa na aibu nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa ameipenda ile nyumba. Mchana mmoja alikwenda peke yake akasimama jikoni, na akilini mwake akamwona Khadidja pale, anachambua mchele, na moyo ukamuuma kweli. Alizima simu. Lakini alipotaka kuondoka alizunguka apite mlangoni. Mkulima wa mihogo alimuuliza mbona hakati moja kwa moja.

"Hapo kuna ukuta," Twahiru alijibu.

Siku ya malipo alifika mapema na hati za kiwanja ndani ya bahasha, wino haujakauka vizuri. Badala ya teksi, likaja lori la matofali. Kwa wema wake alidhani limepotea njia, akaanza kumwelekeza dereva pa kugeuzia. Lori likarudi nyuma, likaingia sebuleni kwake. Twahiru alifumba macho.

Alipoyafumbua, Bi Moza alikuwa ameteremka kiti cha mbele, pamoja na shemeji yake Sulemani, fundi mkuu wa waashi, mwenye ramani za Marcellin kwapani. Mama alitoa kwenye mkoba karatasi ya manjano iliyofunikwa plastiki.

"Soma."

Twahiru alisoma. Carama, nyuma ya shamba, pembeni ya mfereji. Mwenye mali: Thabit.

"Marehemu alinunua hapa mwaka wenye mutoto wetu Haitham alizaliwa," Bi Moza alisema. "Leo Haitham iko na ndevu."

"Mama ulijua toka lini?"

"Toka dukani. Ulivyosema mufereji."

"Na ile choo?"

"Choo ilikuwa inaangalia kibla kweli. Hapo sikudanganya."

Twahiru alikaa juu ya tofali. Alikuwa amemuuzia mwenye mali mali yake, na hata hiyo hakufanikiwa kuiuza. Alikuwa amemfyekea, amemsawazishia, amempandia ua na kumchorea nyumba, tena kwa fedha zake.

"Basi nipeleke polisi, mama."

"Apana. Polisi watanisaidia nini? Mi natafuta zamu." Alimtazama vizuri. "Wezi ya parseli iko wengi. Watakuja na maneno. We unajua maneno yao yote."

Hivyo ndivyo komisyoneri alivyogeuka zamu, yaani mlinzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika kwenye bati, Parseli hii haiuzwi, na aliiandika kwa mwandiko uleule mzuri aliotumia kughushi hati. Sulemani akaanza na chumba cha zamu, kimoja, kidogo, cha matofali. Kilipoezekwa, Twahiru alimpigia Khadidja.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, begi begani. Hakusalimu. Aliweka kiganja ukutani akasukuma. Akasukuma tena kwa mikono miwili, akaitazama mikono yake imejaa vumbi la tofali.

"Na hii nyumba kubwa," aliuliza akionyesha msingi, "ni ya nani?"

Twahiru alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limejipanga tayari, tamu, na ghorofa juu yake.

"Ya Mama Moza," alisema. "Mi ni zamu tu."

Khadidja alimkazia macho muda mrefu, anatafuta uongo umefichwa wapi. Hakuupata. Akashusha begi, akauliza ufagio uko wapi.