Farasi Aliyehama Wakati wa Sala

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mke wangu Tabea, bingwa wa taifa wa chesi, amesema haendi Dar kutetea taji lake. Tangu afungwe na binti wa sekondari mwezi uliopita, ubao uko juu ya kabati. Mtaa wetu mzima wa Kimandolu unamsubiri! Mimi inaniuma kumwona akichambua mchele kama mfiwa. Nina mpango.

Jumanne, 3 Juni
Kumchokoza. Nimemwambia Tabea kwamba jirani yetu Khalfani, muuza vitunguu, anadai ubingwa wake ulikuwa bahati tu. Akajibu huenda ni kweli. Kisha akaenda kumuuliza. Khalfani, ambaye hakusema lolote, haniamkii tena. Tumekula maharage bila vitunguu.

Jumatano, 4 Juni
Baba yangu ameteremka kutoka Oldonyo Sambu. Nikashusha ubao nikamfundisha chesi, ili Tabea aone na kutamani. Hakutupia hata jicho. Baba amezoea drafti, lakini kufikia saa kumi alikuwa karibu kunifunga. Aibu!

Chai ikaja. Baba hanywi chai bila kuomba, na akiomba hasahau kitu: mvua, mahindi, ng'ombe mmoja mmoja. Nikachungulia kwa jicho moja. Wote wamefumba macho. Alipofika kwa yule ndama mgonjwa, nikasogeza farasi wangu.

Amina.

"Baba Hanna," Tabea akaniambia huku akimimina chai, "rudisha farasi."

Akamwomba Baba radhi, akakaa mahali pake. Chai haijapoa, nimeshafungwa. Akacheka! Mwezi mzima sijasikia kicheko hicho. Machozi yalinilengalenga. Jioni akaanza kupanga begi. Naandika hapa, kwa kumbukumbu, kwamba nilikusudia yote.

Ijumaa, 6 Juni
Ameondoka na basi la alfajiri. Nyumba imepoa. Nikataka kujifua kidogo, farasi mmoja hayupo. Nimempigia. Anaye kwenye pochi. Amesema bila yeye nyumbani, hataki niwe na majaribu.

Jumatatu, 9 Juni
Amelitetea! Amerudi na kombe. Farasi pia. Ameniambia kila alipoogopa alimshika yule farasi, akanikumbuka na jicho langu moja, hofu ikaisha. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumapili tuna ibada ya shukrani hapa nyumbani. Mchungaji atakuja, na sala zake ni ndefu kuliko za Baba. Nimemwomba Tabea tucheze kidogo kabla ya chakula, amekubali bila kushuku. Safari hii nitasogeza malkia.