Baba Amenianika Kwenye TV

Wasee, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Na aliyeniaibisha ni baba yangu mzazi, ambaye tulimzika mwaka jana. Msishtuke, si mambo ya mizimu. Ni mambo ya kompyuta.

Wiki tatu zilizopita nilienda kumwona mama kule Uthiru, nikamkuta amepiga magoti mbele ya deki ya DVD niliyomnunulia. Mkononi ana CD. Anaipangusa na leso, anaipuliza, anairudisha. Deki inaitema. Ilikuwa CD ya ruracio yangu, ile siku tulipeleka mahari Limuru kwa kina Nyambura, mke wangu, mama ya binti yetu Ciku. Binamu yangu Njoroge ndiye alipiga video, na ndiyo mahali pekee sauti ya baba imebaki.

"Nafikiri nimeiharibu," mama akasema. "Na sauti yake imeanza kunipotea, Kamau. Uso naukumbuka, picha ziko. Sauti naitafuta siipati."

Iliniuma sana. Nikamwambia haijaharibika, ni vile kamera ya Njoroge ilikuwa ya kizamani na deki haielewi faili zake. Zinataka kugeuzwa tu. "Niachie mimi," nikasema. (Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa ukoo wetu. Siku moja niligonga printa ya shangazi ikafanya kazi. Cheo kilianzia hapo.)

Mama akafurahi mpaka akaalika wakwe. Waje Jumapili, tule, halafu sote tumsikie mzee akiomba. Maombi ya baba yalikuwa marefu, lakini yalisifika mpaka Kikuyu mjini.

Ijumaa nikabeba CD ofisini, Upper Hill. Kompyuta yangu ya nyumbani ingegeuza mpaka Krismasi. Ndani nikakuta vipande kumi na viwili. Programu ikaniuliza kama nataka kuviunganisha vyote viwe filamu moja. Nikabonyeza ndiyo. Nani ana muda wa kuchagua? Saa tatu asubuhi ikaanza, saa saba iko nusu. Nikabandika karatasi kwenye skrini: USIGUSE. Mara mkubwa wangu akasimama nyuma yangu.

"Kamau, hii mashine inafanya nini tangu asubuhi?"

"Natoa virusi, mkubwa."

"Basi ukimaliza utoe na kwa yangu." (Nimeahidi Jumanne. Mniombee.)

Saa kumi na moja ikaisha. Nikaichoma filamu kwenye DVD, nikatazama dakika mbili za kwanza. Baba huyo! Amesimama, kofia mkononi, mdomo unatembea. Kompyuta za ofisi hazina spika, lakini picha ilikuwa safi, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nikazima.

Leo sasa. Wakwe wamekuja, baba mkwe na tai, mama mkwe na kitambaa kipya. Tumekula mukimo na kuku. Nikaweka DVD, deki ikaimeza bila matata, na sebule nzima ikasikia: "Tuombe." Mama akaweka mkono mdomoni. Baba aliomba kama dakika saba, na alipofika amina, hata sisi kwenye viti tuliitikia amina.

"Kijana, umefanya kazi," baba mkwe akaniambia. Nami nikakunja miguu nne. Nilijiona mtu.

Kipande kikaisha, kingine kikaingia. Watu wanakula, nyanya wanaimba. Halafu picha ikaanza kuyumba. Nikaona nyasi. Nikaona viatu. Nikasikia sauti ya baba, chini chini: "Mlango umefungwa? Hawatusikii?"

Ilikuwa ndundu! Kwa ruracio, maneno yakiwa magumu, wazee wa upande mmoja hutoka nje wakanong'onezana, wakwe wasisikie. Bwana arusi mwenyewe haitwi huko. Yanayosemwa kwa ndundu hayarudi ndani ya nyumba, milele na milele. Na Njoroge, huyo mjinga, alienda ndundu na kamera haijazimwa.

"Wazee wenzangu," baba akasema kwa TV, "tusibishane sana. Wakiitisha mbuzi, tuitikie. Wakiitisha blanketi za nyanya, tuitikie. Huyu msichana akituponyoka, mimi kwangu hakukaliki. Wiki jana kijana alinijia zizini akilia. Kulia kabisa! Ati Nyambura akimkataa atahamia Sudan. Akajipangusa kamasi na koti langu la kanisa!"

Wazee kwenye video wakacheka. Baba naye akacheka.

Hapa lazima niungame. Kwa miaka mitano nimewaambia watu wote, pamoja na nyinyi hapa, kwamba Nyambura ndiye alinifuata. Kwamba nilimwonea huruma tu. Nimelisema mpaka mbele ya mama mkwe.

Nikaruka kutafuta rimoti. Rimoti iko kwa mama, ameikumbatia kifuani.

"Mama, hebu nipatie."

"Nyamaza, mzee anaongea."

Nikasimama mbele ya TV, nikatandaza koti.

"Kamau, keti," baba mkwe akasema. "Unatuzibia."

Mkwe akikuambia keti, utafanya nini? Nikaketi.

"Hajui kupika hata chai," baba akaendelea. "Chumba chake kinanuka soksi. Lakini sikieni. Huyo kijana hajawahi kunidanganya hata siku moja." (Baba, pumzika kwa amani. Hukujua yote.) "Sijawahi kumwambia, kwa sababu kichwa kitamfura. Lakini mimi nikizeeka, ni kwake nitaenda kukaa."

Wasee, baba yangu hakuwahi kunisifu. Nilipofaulu mtihani aliniuliza waliofanya vizuri zaidi ni kina nani. Na hakuzeeka. Nilikuwa nimeketi hapo nimeaibika kabisa, na wakati huo huo nataka kulia, na siwezi kulia, kwa sababu kila mtu sasa anajua vile mimi hulia.

Baba mkwe akapiga paja. "Kumbe! Na sisi siku hiyo tulibaki ndani tukijisifu ati tunajua kubishana!"

Mama mkwe akafunika uso na kile kitambaa kipya, mabega yanatetemeka. Nyambura akanigeukia polepole.

"Sudan, Baba Ciku?"

Nikamgeukia mama nimwombe msamaha, kwa sababu ndundu ya mumewe nimeimwaga mbele ya wageni. Mama alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

"Rudisha," akasema.

"Kwa maombi?"

"Hapana. Hapo kwa kamasi. Maombi aliombea kila mtu. Hivyo ndivyo alikuwa akiongea na mimi."

Nikarudisha. Wameicheza mara sita sasa, mama anasogea karibu na TV kila mara, na mimi nimejificha jikoni kuwaandikia hii. Kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni. Lakini chekeni polepole, mzee bado anaongea.