Kompyuta Iliyoganda kwa Joto la Kakuma

Wasichana wangu wa bweni, leo heshima yangu imeanguka mbele ya umati mzima wa Kakuma, na nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa mtu mwingine.

Mnajua tangu nihamie Lodwar mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya misaada. Fundi wa pekee, na mwanamke wa pekee pale asiyetumwa chai. (Sijasema najivunia. Lakini najivunia.) Jana redio ya ofisi ililia kwamba kompyuta ya kambi ya wakimbizi, Kakuma, inaganda. Kuganda, jamani, Kakuma, mahali ambapo mafuta magumu ya kupikia humiminika yenyewe kutoka kwenye kopo. Nikacheka, nikapanga disketi zangu, nikamwambia dereva kufikia saa sita nitakuwa nimemaliza.

Leo tulifika saa nne asubuhi, vumbi hadi kwenye kope. Meneja wa pale, Bwana Mwangangi, ni Mkamba mpole asiyependa maneno mengi. Alinieleza mambo yalivyo. Malori ya mahindi yameshafika. Ugawaji ni kesho asubuhi. Orodha ya familia zote imo ndani ya kompyuta ile, na bila orodha iliyochapishwa hakuna atakayepewa hata kibaba. Juzi walijaribu kuichapisha, mashine ikaganda kwenye ukurasa wa tatu. Jana kwenye wa nne. Nje kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kuhakikisha kwamba majina yao yamo, wengi wao kina mama, wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Anayeitumia mashine ile ni Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa mpiga taipu Juba kabla ya vita kumfukuza. Aliniambia inafanya kazi kama dakika kumi na tano, halafu mshale unasimama na hakuna kitufe kinachosikia. Wakiizima wakaenda kunywa chai, wakirudi inawaka vizuri tu.

Hapo mwalimu wetu wa kompyuta angenirushia chaki. Mashine inayopona ikipumzika inakuambia yenyewe kwamba inaumwa joto. Lakini mimi nilikuwa nimebeba disketi kumi na mbili za kusaka virusi, na nilitaka zionekane.

Nikatangaza kwamba ni virusi. Bwana Mwangangi akauliza virusi ndiyo nini. Nikasema ni kama mdudu anayeingia ndani ya kompyuta na kuivuruga.

Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi, mzee Ekai, Mturkana mrefu, kigoda chake mkononi. Akaitikia kwa kichwa.

"Kweli, madam. Mdudu iko. Mimi naona yeye anaingia hapa nyuma, kila asubuhi."

Nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nikamweleza polepole, kama ninayefundisha chekechea, kwamba mdudu huyu haonekani kwa macho. Akasema huyu anaonekana. Nikamwambia asante mzee, tuachie sisi. Akarudi mlangoni.

Disketi ya kwanza, mashine ikaganda. Tukazima, tukasubiri, tukaweka ya pili. Ikaganda. Kufikia saa saba bati la paa lilikuwa likilia kwa jua, blauzi imenigandia mgongoni, na nje watu wameanza kuulizana. Bwana Mwangangi hakunilaumu. Alitazama saa tu, na hilo liliniuma zaidi. Nilijua kuna watu wawili pale Lodwar waliotaka kazi yangu apewe mwanamume.

Mwishowe nikaweka kiganja nyuma ya kasha la kompyuta, pale hewa inapotokea. Hewa ilikuwa ya moto kama pumzi ya mgonjwa wa malaria. Nikatega sikio. Feni kubwa ilikuwa ikizunguka, lakini ile ndogo inayopoza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, sikuisikia kabisa. Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua skrubu.

Juu ya prosesa kuna kipande cha chuma chenye meno kama kitana, kazi yake ni kulivuta lile joto. Nami, fundi mwenye cheti, nikakigusa kwa kidole nione kama ni cha moto. Kilikuwa cha moto. Nikatia kidole mdomoni mbele ya meneja.

Feni ndogo imekaa juu ya chuma hicho, na ilikuwa imekwama. Kati ya mapanga yake mlikuwa na vumbi, nyuzi, na vitu vyeupe vya mviringo kama peremende. Sikuvielewa. Nikainama karibu, nikajaza mapafu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Vumbi lote likanirudia usoni. Na kutoka ndani ya vumbi hilo akaruka mjusi mnene, akatua kifuani pangu, akazama ndani ya blauzi.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka tu nilikuwa nje, katikati ya foleni, uso mweupe kama mzimu, nikiruka mguu huu na mguu ule, nikijikung'uta na kumwita mama yangu. (Ndiyo, kwa sauti. Ndiyo, kwa Kibukusu.) Kina mama walidhani ni ngoma ya kwetu. Mmoja akaanza kunipigia makofi, wengine wakadakia, na bibi mmoja wa Kiturkana, shanga hadi kidevuni, akainuka kuruka pamoja nami. Mjusi alitokea kwenye upindo wa sketi, akaenda zake. Mimi sikuwa na pa kwenda.

Mzee Ekai akaja na kikombe cha maji. Akanipa ninawe uso, akasema bila kucheka hata kidogo:

"Huyo ndiyo mdudu yangu, madam. Ile nyeupe ni mayai yake."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wote walionitazama nikicheza. Akasema hakuna shida, kisha akanionyesha njia ya mjusi. Nyuma ya kasha palikuwa na nafasi ya upana wa vidole viwili, kibati cha kuiziba kimepotea siku nyingi.

Aibu ikishaisha yote, mtu hana tena cha kuogopa. Nikafanya kazi niliyosomea. Mayai na vumbi nikavitoa kwa kibanio na brashi. Feni ikawa inazunguka, lakini kwa kusuasua, ndipo Nyandeng akatoka mbio hadi kwa fundi cherehani jirani, akarudi na mafuta ya cherehani kwenye kizibo cha soda. Tone moja likatosha. Nikakiinua kile chuma na kukuta krimu nyeupe ya kupitisha joto imekauka kama chokaa. Nikaikwangua, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikabana kila kitu mahali pake. Ule upenyo wa nyuma nikauziba kwa kipande cha wavu wa dirisha, hewa ipite, mjusi asipite.

Saa tisa na robo nikawasha. Feni ndogo ikavuma. Nyandeng akaianzisha printa. Dakika kumi na tano zilipokaribia nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Zikafika. Zikapita. Ukurasa wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano Nyandeng akafumba macho, akanong'ona kitu kwa Kidinka, nadhani ni sala. Printa ikakwaruza bila kupumzika hadi saa kumi na moja, karatasi zikilundikana sakafuni, mpaka jina la mwisho likatoka.

Bwana Mwangangi alilibeba lundo lile nje kama anayepeleka mtoto kubatizwa. Nyandeng akaanza kusoma majina. Mama mmoja alipolisikia jina lake akapiga kigelegele, na vigelegele vikapokezana hadi mwisho wa foleni. Jamani, mimi sijawahi kupigiwa vigelegele kwa sababu ya feni. Nililia kidogo. (Vumbi.)

Kisha meneja akaita Lodwar kwa redio, nami nimesimama kando nikingoja sifa. Akasema kompyuta imepona na orodha yote imetoka. Kisha yule mtu mpole akaongeza kwamba fundi anacheza vizuri sana. Lodwar wakaomba arudie hilo la mwisho. Akarudia. Na redio ile husikika katika kila kituo chetu hadi Lokichar.

Kwa hiyo habari itawafikia tu. Chekeni, siwakatazi. Ila atakayemhadithia mwenzake asiishie kwenye mjusi. Afike mpaka kwenye vigelegele.